Kofi la Mpakani

Ukipita Rävnäs majira ya vuli, upepo unapoanza kuivua miti majani, utaambiwa uingie ndani mapema usije ukakutana na gari la Bibi Helvig. Farasi wanne weusi, watasema, puani moshi unafuka, na mwendesha gari hana kichwa. Watakuambia kwamba bibi huyo alikuwa na mapatano na Ibilisi, kwamba mazimwi ya mlimani yalimkatia nyasi na kumchimbia mashimo, na kwamba hata leo hajapata mapumziko. Wanaosema hivyo ni watu wazima na akili zao, wanakwenda kanisani kila Jumapili. Ukiwauliza ni nani aliyemwona, kila mmoja atakutajia shangazi yake.

Uongo mtupu. Bibi Helvig hakuwa na gari wala farasi weusi. Alikuwa na farasi jike mmoja wa kijivu, mzee, mwenye tabia ya kuuma watu, na alimpanda mwenyewe kwa sababu magari yalimtia kichefuchefu. Zimwi pekee lililopata kukaa naye nyumba moja ni ulimi wake. Lakini habari ya shimo ni kweli. Shimo lilichimbwa, tena mchana kweupe, mbele ya baraza zima, na sifa yake yamepewa mazimwi muda mrefu mno.

Alizaliwa hapa hapa Rävnäs, katika jumba la mbao lililopakwa rangi nyekundu, binti wa Bwana Arvid, mwinyi wa ukoo mkubwa na mfuko mdogo. Bwana Arvid alizika wana watatu wa kiume kabla hawajaota meno, akabaki na Helvig. Wanawake wa jikoni walimhurumia, ati nyumba imekosa mrithi. Yeye mwenyewe hakujihurumia hata kidogo. Alimpandisha binti yake juu ya farasi, akamwonyesha kila mtaro na kila zizi, na mtu akimwuliza mbona anamlea msichana kama mvulana, alijibu kwamba ng'ombe hawajali anayewalisha kavaa nini.

Kisha ukaja ugomvi wa Storängen. Hiyo ni mbuga ya nyasi iliyolala kando ya ziwa, kati ya Rävnäs na Ekenäs kwa jirani. Huku Småland, mkoa wetu, mawe ni mengi kuliko shayiri, na mahali panapoota nyasi ndefu bila mwamba kuchungulia ni pa watu kutoana roho. Ng'ombe hufungiwa zizini kuanzia theluji ya kwanza hadi majani yachipue upya, na muda wote huo wanakula ulichokata kiangazi. Huna nyasi, huna ng'ombe. Huna ng'ombe, huna maziwa wala samadi, na mwaka unaofuata shamba nalo linakucheka. Bwana Arvid na jirani yake, Bwana Åke wa Ekenäs, waligombana mpaka wakaacha kusalimiana kanisani. Mwishowe wazee wa wilaya wakawakalisha chini, mbuga ikagawanywa nusu kwa nusu, ikapangwa siku ya kuweka jiwe la mpaka.

Jiwe la mpaka si moja, ni matano: kubwa linasimamishwa katikati, madogo manne yanalizunguka. Na siku ya kuliweka ni lazima waletwe watoto wa pande zote mbili, maana wazee hufa. Mtoto anasimamishwa ukingoni mwa shimo, anazabwa kofi la kelbu, kisha anapewa mkate wa tangawizi uliokolea asali. Kofi ni la kumfanya akumbuke mahali, na mkate ni wa kumfanya asichukie kukumbuka. Ndivyo walivyofanyiwa baba zao na babu zao, na hakuna aliyeona ubaya.

Upande wa Ekenäs alisimama Ture, mwana wa Bwana Åke, mvulana mwenye kofia mpya nyekundu aliyoringia tangu asubuhi. Upande wa Rävnäs alisimama Helvig, mdogo kuliko yeye kwa kichwa kizima. Ture ndiye aliyeanza kuzabwa. Lo! Alipiga ukelele, akaikimbia mbuga nzima hadi kwenye jabali lililopasuka, akajificha nyuma yake akilia, na mkate hakuutaka. Wanaume walicheka, isipokuwa baba yake. Kisha Bwana Arvid akamgeukia binti yake, akamzaba shavu la kushoto hata shingo ikageuka, binti akaona nyota mchana. Helvig alikaza meno. Hakusogea.

Na kwa kuwa hakusogea, aliona kilichofuata. Kabla jiwe kubwa halijashushwa, kapu la makaa ya mhunzi lilimiminwa shimoni, na juu ya makaa kila nyumba ikaweka kigae chake: Rävnäs kipande cha chungu cheusi, Ekenäs kipande cha bakuli la kijani ambalo mpishi wao alilivunja wiki ile ile. Makaa hayaozi, na vigae havigeuki udongo. Bwana Arvid akamwinamia binti yake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hao ndio mashahidi wa chini, na shahidi wa chini hatajwi hadi siku mpaka utakapobishaniwa. Akijulikana na kila mtu, atahamishwa pamoja na jiwe. Udongo ukatandazwa juu yao, kisha jiwe likashushwa. Helvig akala mkate wake, kisha akala na wa Ture.

Bwana Åke alidhani mwanawe aliyachungulia yote kutoka nyuma ya jabali. Ture naye hakuuliza, maana kuuliza ni kukiri kwamba alikimbia, na jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni tayari. Wakaishi hivyo, baba na mwana, mpaka baba akafa. Bwana Arvid naye akafa. Wanaume wengine waliokuwepo siku ile walikwisha mmoja mmoja, huyu kwa uzee, yule kwa vita.

Helvig aliolewa na Bwana Erland, afisa wa askari wa farasi, mtu mcheshi ajabu, asiyejua shayiri ni ipi na magugu ni yapi. Aliondoka na jeshi kwenda vita vya Ujerumani, akafa kwa ugonjwa wa kuhara kabla hajauchomoa upanga wake. Hawakujaliwa mtoto. Helvig alimlilia kwa haki, maana alimpenda, kisha akafuta machozi akashika funguo za nyumba. Mjane kwa sheria ya huku ni mtu kamili, hana baba wala kaka wa kumwamuru, na yeye alipoonja hali hiyo aliona hairudishi kwa mtu.

Ture alirudi kutoka vita hivyo hivyo akiwa mzima, mnene, na koti lenye vifungo vya fedha. Haukupita mwaka akaja kuposa. Aliongea sana juu ya upweke wa wajane na juu ya mbuga mbili zinazoweza kuwa moja. Helvig alimsikiliza hadi mwisho, akamwuliza anamposa yeye au anaposa nyasi. Ture akacheka akidhani ni utani. Alipoona mwenzake hacheki, alichukua kofia yake, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena Rävnäs.

Sasa, habari ya mazimwi ilianza hivi. Kiangazi kimoja wakataji nyasi walikata nusu ya Storängen, wakanywa pombe ya kazi, wakalala chini ya miti kama magogo, na huku ziwani mawingu yalikuwa yanajikusanya. Majira hayo jua huku halilali. Linafumba jicho moja tu. Helvig aliona wazi kwamba mvua ikinyesha nyasi zimeoza. Akamwamsha Malin, mtunza nyumba wake, mwanamke mwenye mikono ya mfua chuma, wakawachukua na wakamuaji wa zizini, wakashika miundu mirefu, wakaikata nusu iliyobaki. Wanaume walipoamka, mbuga yote ilikuwa imelala chini.

Lakini mwanamke wa ukoo kushika mundu! Hiyo ilikuwa aibu ya kuchekwa mpaka mji mkuu. Mke wa mwinyi anadarizi, anaamuru, anakwenda kanisani, hatoki jasho. Basi Gudmund, kiongozi wa wakataji, alipojikuna kichwa na kusema hii itakuwa kazi ya mazimwi tu, Helvig alijitia hamnazo. Alisema huenda. Tena jambo lenyewe likamfurahisha, maana tangu hapo wezi wa nyasi walikoma. Mwaka uliofuata akarudia, na uliofuata tena. Malin alimwonya. Alimwambia uongo ukiufuga, siku moja utakula kuku wako. Helvig akamwambia aache uchuro.

Ture alingoja. Ikafika vuli moja, siku ya gulio kubwa la Mikaeli Mtakatifu, na watu wote wa Rävnäs wakawa gulioni isipokuwa Helvig, ambaye homa ilikuwa imemtupa kitandani. Ture alichukua maksai wake na vibarua wawili kutoka mbali, akayang'oa mawe yote matano, akayasogeza ndani kabisa ya nusu ya jirani. Alifanya kazi safi, hilo tumpe. Kubwa katikati, madogo manne pembeni, kila moja kaligeuza uso kama lilivyokuwa, na shimo la zamani akalifukia na kulifunika kwa majani yake yenyewe. Theluji ikaja ikaficha mengine.

Majani yalipochipua, Helvig alimpanda farasi wake kwenda kuitazama mbuga. Akalikuta jiwe limesimama karibu na mwisho wa upande wake. Alilizunguka mara mbili akiwa juu ya tandiko. Kisha akasema neno ambalo halifai kuandikwa, maana mchungaji naye husoma.

Na wala hakupata muda wa kushtaki, maana Ture alishatangulia. Alilalamika barazani kwamba jiwe ni shahidi, kila mtu analiona lilipo, na kwamba yule mjane kamkatia nyasi zake kwa miaka. Hakimu akaamua baraza lije lenyewe mbugani kabla ya ukataji. Desturi ya mpaka ni hii: kila upande ulete watu kumi na wawili wa kula kiapo pamoja nao. Ture alikuwa na wake tayari. Helvig alijua hesabu ya mambo. Bila Storängen, nusu ya ng'ombe wangechinjwa kabla ya Krismasi, wakulima wake wangehama nyumba moja baada ya nyingine, na Rävnäs ingeuzwa. Mnunuzi alikuwa anajulikana, ana vifungo vya fedha.

Akawaita watu wake uani. Walikuja, wakasimama, wakatazama viatu vyao. Helvig akamwuliza Gudmund, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, kama atakula kiapo.

"Bibi, nimekula chumvi yako tangu ujana," Gudmund akasema. "Ukiniambia nibebe jumba hili mgongoni, nitajaribu. Ila kiapo ni roho, na roho ninayo moja. Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Habari ya zile nyasi. Kukatwa kwake."

"Si wewe unayezikata?"

"Upande wangu nakata mimi, Bibi. Upande wa pili sijui anayekata ni nani, nami naogopa kujua. Mtu akila kiapo na mwenye mazimwi, kiapo kinamrudia."

Helvig alihisi masikio yanawaka. Akameza fahari yake yote, akasema, mbele ya watu wote wa uani, "Upande wa pili nilikata mimi. Mimi na Malin."

Gudmund alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Bibi," akasema taratibu, "mtu wa ukoo wako hawezi kushika mundu. Usijidhalilishe hivyo kwa ajili yetu."

Wakaondoka mmoja mmoja, kofia mikononi. Malin alikuwa mlangoni, kasikia kila neno, na kwa upendo wake hakutaja kuku.

Helvig alishika tama jikoni, uji wake wa shayiri ukapoa mbele yake. Ndipo akamweleza Malin, kwa mara ya kwanza maishani mwake, habari ya mashahidi wa chini. Malin aliruka. Basi si twende tukachimbe leo! Helvig akatikisa kichwa. Akichimba peke yake, Ture atasema makaa kayaweka yeye, au mazimwi yake, na wote wataamini. Lazima pachimbwe mbele ya hakimu na umati. Na kuna jambo baya zaidi, akasema: hakumbuki ni wapi. Alishapita mbugani mara kadhaa tangu majani yachipue. Vichaka vya utoto wake vilikuwa msitu, mkondo wa maji ulihama, na Ture alifunika vizuri. Kofi alilikumbuka. Mahali pamempotea.

Siku ya baraza jua lilikuwa kali. Hakimu alikuja na kofia yake pana na wazee wa wilaya, na watu wa Rävnäs na Ekenäs wakajazana kuanzia ziwani hadi kwenye miti. Ture aliwapanga watu wake kumi na wawili karibu na jiwe. Hakimu akauliza wa mjane wako wapi. Akatoka Malin peke yake. Wengine wakacheka, na Gudmund akainamisha kichwa.

"Mwanamke mmoja si watu kumi na wawili," hakimu akasema, bila ukali. "Bibi, kama huna wengine, itanibidi niamue."

"Kabla hujaamua, nina swali kwa jirani yangu," Helvig akasema. Akamgeukia Ture. "Siku jiwe hili lilipowekwa tulikuwepo watoto wawili. Mimi nilikuwa mmoja. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nikazabwa kofi, kama desturi."

"Ukabaki ukingoni mpaka jiwe likashushwa?"

Ture akawatazama watu wake, vifungo vikimeta juani. Nyuma kidogo kulikuwa na vikongwe wawili wa Ekenäs ambao waliwahi kusikia jambo fulani kuhusu kofia nyekundu, nao walianza kunong'onezana.

"Nilibaki," akasema kwa sauti kubwa. "Mtu wa Ekenäs hakimbii kofi."

"Basi mwambie hakimu chini ya jiwe kuliwekwa nini."

Hapo Ture akasita. Hakusita sana, lakini alisita. Kisha akacheka. "Chini ya jiwe kuna udongo. Kulitakiwa kuwe na nini, mayai?"

Watu wake wakacheka naye. Helvig aliwangoja wamalize. "Umesikia, Bwana Hakimu. Yeye anasema udongo. Mimi nasema makaa ya mhunzi, na juu ya makaa kigae cheusi cha kwetu, na kigae cha kijani cha kwao. Chimbeni hapo alipolisimamisha."

Hakimu, aliyekwisha kufukua mipaka mingi maishani mwake, aliacha kujipepea na kofia. Akaamuru. Jiwe likalazwa pembeni, pakachimbwa. Udongo, minyoo, udongo. Ture akasema si niliwaambia? Helvig akasema ndiyo, umetuambia, na watu wote wamesikia; sasa tukachimbe pale lilipokuwa. Hakimu akamwuliza ni wapi, na akamwonya kwamba ni shimo moja tu, hakuja kulima mbuga.

Helvig akaanza kutembea. Nyasi zilimfika kiunoni. Alikwenda upande wa ziwa, akarudi, akasimama karibu na miti, akasogea. Nyuma yake aliwasikia wakinong'ona kwamba anaita mazimwi yake. Miti ile haikuwepo zamani. Kijito hakikupita hapa. Machozi yalimlenga, na aliogopa kuyafuta maana Ture angeona. Aliona Rävnäs yote inamtoka mikononi, zizi na jumba na kaburi la baba yake, kwa sababu tu ya kichwa kisichokumbuka.

Ndipo akainua macho akaliona lile jabali lililopasuka. Na akilini akaiona tena kofia nyekundu. Siku ile, shavu likiwaka, alimtafuta Ture kwa macho akamwona kupitia ule ufa, kofia nusu, mwamba nusu, mabega yakitikisika. Sasa pale aliposimama ufa ulikuwa umefumba, giza tupu. Akasogea upande, macho yake hayajaacha jabali. Giza. Akasogea tena. Ufa ukafunguka, mwanga ukapenya kutoka upande wa pili.

Basi ni katika mstari huu. Lakini mbele au nyuma? Akafumba macho. Baba alimzaba kushoto, shingo ikageuka kulia, na kitu cha kwanza alichokiona kati ya zile nyota kilikuwa mnara wa kanisa ng'ambo ya ziwa, umesimama juu kabisa ya ncha ya rasi kama mshumaa juu ya meza. Akageuza shingo kulia. Mnara ulikuwa mbali na rasi. Akatembea juu ya mstari wake, polepole, huku anautazama ukisogea, ukisogea, mpaka ukakaa pale pale ulipokaa alipokuwa mtoto.

"Gudmund," akaita. "Chimba hapa."

Gudmund akaja na sepetu yake, midomo ikisema sala. Akatia sepetu. Majani yakanyanyuka yote kwa pamoja, kama kifuniko cha sufuria, na wazee wa baraza wakatazamana, maana majani yasiyokatwa hayanyanyuki hivyo. Chini yake udongo ulikuwa laini. Gudmund akachimba, akachimba, halafu sepetu ikatoa sauti nyingine. Akapiga magoti, akaingiza mkono, na mkono ukatoka mweusi hadi kwenye kifundo.

Akaingiza tena, akatoa kigae cheusi. Akaingiza tena, akatoa cha kijani, akakisugua kwenye suruali yake, kikang'aa juani kama kilichotoka dukani. Hakimu alikipokea akakipeleka mbele ya Ture. Haikuhitajika kuuliza. Mabakuli mengine ya namna ile, ndugu zake lile lililovunjika, yalikuwa bado rafuni kwa Ture, na nusu ya watu wake walikwisha kunywea supu humo.

Wale kumi na wawili walianza kumsogea mbali, mmoja mmoja, wakijifanya wanatafuta kivuli. Vikongwe wawili sasa hawakunong'ona tena, walisimulia kwa sauti. Hakimu akavaa kofia yake. Akasema kuhamisha jiwe la mpaka ni wizi mbaya kuliko wa ng'ombe, maana ng'ombe hufa na mpaka haufi, na sheria ina meno; akaongeza kwamba wazee huamini mwizi wa namna hiyo akifa hulibeba jiwe mgongoni milele, anauliza aliweke wapi, na hajibiwi. Kisha akamwuliza Helvig anataka nini kwa jirani yake.

"Jiwe lirudi leo hii," Helvig akasema, "na desturi ifuatwe yote. Akikubali, mimi nimemaliza. Akikataa, umpeleke kwenye meno ya sheria yako."

Mawe yalirudishwa na maksai wale wale. Kabla kubwa halijashushwa, Helvig akasimama ukingoni mwa shimo.

"Njoo hapa, Ture." Hakumwita Bwana.

"Ya nini tena?"

"Shahidi wa Ekenäs hajaliona shimo. Chungulia."

Ture akamtazama hakimu. Hakimu alikuwa anatazama ziwa. Basi akaja, akachungulia, akaona makaa, akaona na vigae viwili vimerudishwa mahali pake.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Haya. Safari hii usikimbie."

Akamzaba. Wanaosimulia wanasema mwangwi wake uligonga jabali ukarudi, na hapo siwabishii. Ture akayumba, macho yakamjaa maji, mkono ukampanda shavuni. Lakini alibaki pale pale, mbele ya watu wote, na jiwe likashushwa akilitazama. Helvig akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa mkate wa tangawizi uliofungwa kitambaani.

"Huu wako," akasema. "Ule wa kwanza niliula mimi."

Akaula, mpaka makombo. Na tangu siku hiyo, wakikutana kanisani, Ture ndiye aliyetangulia kusalimia.

Watu wakaanza kushangilia, Malin akiwashinda wote. Gudmund alikuja mbele ya bibi yake na mikono yake myeusi, akitafuta maneno ya kuomba radhi, akayakosa. Helvig hakumsaidia kuyatafuta. Alimwambia hali ya hewa ni nzuri na nyasi hizi hazitajikata. Kisha akanyoosha mkono, akachukua mundu mrefu begani mwa mkataji mmoja aliyesimama karibu, akakunja mikono ya gauni lake zuri la barazani, na pale pale, mbele ya hakimu, wazee, Ekenäs na Rävnäs, akaanza kukata. Alikata mstari ulionyooka, bila kupumzika, kutoka kwenye jiwe hadi ukingo wa ziwa. Jasho lilimtiririka shingoni, na watu wote waliliona. Aliporudi akatema mate viganjani akamwuliza Gudmund kama sasa anamjua wa upande wa pili.

Gudmund alivua kofia. Alisema anamjua.

Lakini binadamu ni binadamu. Vuli haijafika, Malin alirudi kutoka gulioni akicheka hata ameshika mbavu. Alimkuta Bibi Helvig zizini, kakaa juu ya kigoda, anakamua. Akamweleza yanayosemwa huko: kwamba aliyekata nyasi mbele ya baraza hakuwa Bibi hata kidogo, bali zimwi lililojigeuza umbo lake, maana mtu wa ukoo ule hawezi.

Helvig hakuacha kukamua. Zizi lilikuwa limejaa, ng'ombe wote wapo, na juu ya dari nyasi za Storängen zilibanana mpaka kwenye paa.

"Waache waseme," akajibu. "Ila waambie hilo zimwi, wiki nzima, liliumwa mgongo."